Kiburi Kivaacho Kanzu ya Unyenyekevu

Ziko dhambi ambazo kila mtu huziona. Mlevi hujulikana kwa mwendo wake, mwizi hujulikana siku akamatwapo, na mgomvi husikika hata na walio mtaa wa pili. Lakini iko dhambi moja iketiyo kanisani safu ya mbele, iimbayo nyimbo zote bila kitabu, ifungayo Kwaresima yote, wala hapana aikemeaye, kwa sababu imevaa vizuri. Dhambi hiyo ni kiburi cha kiroho. Na hatari yake kubwa ni hii, ya kwamba aliye nayo haioni. Mchuuzi wa papa mkavu, akiisha kuizoea kazi yake, haisikii tena harufu iliyo katika nguo zake; bali kila apandaye naye gari huisikia.

Twaandika haya tukiwa Mgogoni, katika kisiwa cha Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu, na Wakristo ni wachache mno. Uchache una majaribu yake mawili. La kwanza ni woga: mtu huificha imani yake kama afichavyo deni. La pili ni kiburi, nalo ndilo tulisemalo leo. Walio wachache hupenda kujihesabu kuwa wateule; na mteule akisahau ni nani aliyemteua, na kwa kazi gani, hujiona bora kuliko jirani aliyemwazima jembe jana.

Bwana wetu alitoa mfano wa watu wawili waliopanda hekaluni kusali, Farisayo na mtoza ushuru. Nao u katika Luka, mlango wa 18. Wengi wetu tumeusikia tangu utoto, na kwa kuuzoea tumeacha kuustaajabia. Angalieni neno hili: Farisayo hakusema uwongo. Alifunga kweli, na zaka alitoa kweli. Tena alianza sala yake kwa kumshukuru Mungu, kama apaswavyo kila mja. Basi kosa lake lilikuwa nini? Ikiwa maneno yake ni kweli, na shukrani ni wajibu, kwa nini hakurudi nyumbani kwake amehesabiwa haki?

Sisi twaona ya kwamba jibu li katika macho yake. Alipokuwa akisali, jicho moja lilielekea kwa Mungu, na jicho la pili lilimwelekea mtoza ushuru aliyesimama mbali. Alimhitaji mtu yule. Kama mtoza ushuru asingalikuwako siku ile, sala ya Farisayo ingalipungua nusu. Basi kiburi cha kiroho si kujua kwamba umepewa kipawa, maana kipawa kikanwacho hakimtukuzi aliyekitoa. Kiburi cha kiroho ni kumhitaji mwenzio awe chini, ili wewe ujione uko juu. Mtu aliyeshiba kweli hangoji kumwona mwenye njaa ndipo ajue kwamba ameshiba.

Wakristo wa visiwa hivi ilitupasa tuwe wa mwisho kuingia katika kosa hili, kwa kuwa twajua tulikotoka. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, ambaye naye aliuzwa utumwani akali mtoto, akapewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuupata katika Misheni ya Vyuo Vikuu. Kanisa kuu la Mkunazini lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Nasi hapa Pemba, sheria ya mwaka 1897 ilipoondoa utumwa mbele ya mahakama, mtumwa ilimpasa aende mwenyewe kudai uhuru wake. Na mwaka ule ule Marafiki, waitwao pia Wakwekeri, wakaanza kazi yao katika kisiwa hiki, wakawapokea waliokuwa watumwa katika shamba lao la Banani. Basi wazee wetu katika imani hawakuwa watu wa kuketi barazani mwa wakubwa. Walikuwa watu waliohesabiwa pamoja na mbuzi na pembe.

Lakini hapa hatuna budi kusema neno jingine, lisije likapotea. Kwa kuwa nchi yetu iliujua utumwa, twajua pia jinsi neno unyenyekevu liwezavyo kutumiwa vibaya. Bwana aliyemiliki watu alipenda sana watumwa wanyenyekevu, na maana yake ilikuwa watumwa wanyamavu. Huo si unyenyekevu wa Injili. Mtu aliyeinamishwa shingo kwa fimbo hajawa mnyenyekevu, ameonewa tu. Unyenyekevu ni tendo la mtu huru ainamaye kwa hiari yake, kama Mtume Paulo alivyowaandikia Wafilipi juu ya Kristo, aliyekuwa na utukufu wote akautwaa utumwa mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu awahubirie unyenyekevu wakubwa kwanza, naye mwenyewe awe wa kwanza kati yao. Na mtu akimhubiria mnyonge wake anyamaze, huku yeye akimdhulumu, ajue ya kwamba anasema kwa kinywa cha dalali wa soko lile.

Labda mtu atauliza: Je, mnyenyekevu hana msimamo? Akiona ya kwamba ndugu zake wanapotea, anyamaze asije akaitwa mwenye kiburi? Swali hili ni zito, nalo lilipata kutikisa Kanisa la Afrika ya Mashariki lote. Mwezi wa Juni mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, katika Kenya ya leo, ili watafute njia ya kufanya kazi kwa umoja. Mwisho wa mkutano wakashiriki pamoja meza ya Bwana katika kanisa la Waskoti, na aliyeiongoza ibada ni Peel, Askofu wa Mombasa. Habari hizo zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye Pemba nayo ilikuwa chini ya uchungaji wake, hakuweza kukubali. Aliona ya kwamba imani na daraja takatifu zimevunjwa, akawashitaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury maaskofu wawili, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda, kwamba wameiacha imani ya Kanisa. Shauri lile likajadiliwa Uingereza mwaka 1914, likazua maneno makali katika magazeti, na jibu la Askofu Mkuu likatoka mwaka 1915, wakati vita vikuu vimekwisha kuwaka.

Sisi hatuketi kitini kuhukumu ni nani aliyekuwa na haki katika shauri la Kikuyu. Wakristo wema hata leo hawapatani juu yake. Twatazama lililofuata. Mwaka 1916 serikali ilipotaka wapagazi wa vitani, Weston alikusanya watu wa Unguja akaenda nao bara yeye mwenyewe, akitembea kwa miguu pamoja nao, badala ya kukaa nyumbani na kuwaombea. Mwaka 1918 wamisionari walipokutana tena Kikuyu, yeye aliyekuwa mshitaki alihudhuria, akaleta shauri lake la umoja. Hakuliacha neno lake juu ya daraja za Kanisa; lakini alisema ya kwamba, ikiwa wao watazipokea daraja hizo, yeye naye yu radhi kusimama mbele ya makutaniko yao apokee kutoka kwao kibali chochote wapendacho kumpa. Na mwaka 1920, maaskofu walipokutana Lambeth na kutoa wito wa umoja kwa Wakristo wote, yeye alikuwa miongoni mwa walioutengeneza na kuutetea. Tena mwaka ule ule alikemea kwa maandiko yake kazi za kulazimishwa walizotiwa Waafrika katika Kenya.

Haya yatufundisha kupambanua. Msimamo na kiburi si ndugu. Mwenye msimamo humwambia mwenzake, Jambo hili si kweli. Mwenye kiburi humwambia, Wewe si kitu. Wa kwanza aweza kukutana naye tena baada ya miaka mitano, akamtandikia mkeka. Wa pili hawezi, kwa sababu siku mwenzake atakapoinuka, yeye atakuwa amepungukiwa. Ndugu, mkitaka kujua kama ugomvi wenu wa dini ulikuwa wa kweli au wa kiburi, jiulizeni: Mpinzani wetu akitubu leo, je, tutafurahi, au tutasikitika kwa kuwa tumekosa mtu wa kumshinda?

Mfano wa pili watoka katika nchi za maziwa. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini katika Rwanda, walikutana katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakasali pamoja. Katika miaka iliyofuata Uamsho uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, ukavuka hata Buhaya katika Tanganyika ya siku zile. Walioguswa waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Walifanya jambo ambalo siku zile lilikuwa ajabu: waliungama dhambi zao hadharani, Mzungu akamwomba Mwafrika radhi, na bwana akamwomba radhi mtumishi wake. Huo ulikuwa unyenyekevu wa kweli, tena wenye gharama, nao ulizaa matunda mema katika nyumba nyingi.

Walakini adui hulala mlangoni. Mwaka 1941, katika Chuo cha Askofu Tucker huko Mukono, wanafunzi wa Uamsho walikuwa wakiamka kabla ya mapambazuko kusali na kuhubiri. Mkuu wa chuo akawakataza. Nao wakaona ya kwamba kutii ni kumzimisha Roho. Mwisho wake wanafunzi wapatao 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa miongoni mwao. Waliokuwa nje ya Uamsho walisema, Hawa wana kiburi, wajiona wao peke yao wameokoka. Waliokuwa ndani walisema, Wale wana kiburi, hawataki kujishusha na kutubu. Kila upande ulimwona mwenye kiburi ng'ambo ya mto. Kisha katika miaka ya 1970 yakatokea mafarakano ndani ya Uamsho wenyewe: walitoka wengine wakaitwa Abazukufu, maana yake walioamka tena, wakisema ya kwamba ndugu zao wamepoa na kulala. Basi hata miongoni mwa walioamka wakapatikana walioamka zaidi.

Hatusemi haya ili kuucheka Uamsho. Laiti sisi tungalikuwa na bidii ya watu wale! Twayasema kwa sababu yaonyesha jinsi kiburi kiwezavyo kupanda ngazi ya unyenyekevu wenyewe. Mtu huanza kwa kuungama dhambi yake, na moyo wake hupondeka kweli. Siku ya pili huona ya kwamba mwenzake hakuungama. Siku ya tatu huanza kuhesabu machozi: mimi nimelia, yule hakulia. Na hesabu ikianza, unyenyekevu umekwisha, ijapokuwa maneno yake hayakubadilika hata moja. Kusema, Mimi ni mwenye dhambi, si kazi ngumu, ikiwa wasikiao watakusifu kwa kuyasema. Kazi ngumu ni kunyamaza mtu mwingine akuambiapo kwamba wewe ni mwenye dhambi, tena akaitaja dhambi yenyewe.

Lakini katika Uamsho ule ule alitoka mtu aliyetuonyesha njia bora. Mwezi wa Februari mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa katika utawala wa Idi Amin. Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, aliponea chupuchupu, akavuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe hata Rwanda. Ni nani angalimlaumu mtu huyu kama angalimchukia Amin mpaka kufa kwake? Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka ule ule alisimulia ya kwamba siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, aliuona uchungu uliojaa moyoni mwake, akatubu na kumsamehe. Tafakarini: Amin alikuwa na damu mikononi, na Kivengere alikuwa ameonewa. Kama kulikuwa na mtu aliyeweza kusali sala ya Farisayo kwa haki, ndiye yeye. Hakusema ya kwamba ubaya wa Amin si ubaya. Ila alikataa kuutumia ubaya ule kama kigoda cha kujiinulia mbele za Mungu.

Na sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kuona makosa ya Kikuyu na Mukono, nasi tuko mbali. Mwaka 2025 Kwaresima yetu na Ramadhani ya jirani zetu zilikwenda pamoja katika mwezi wa Machi. Siku moja, darasani, tulisema mbele ya watoto ya kwamba saumu yetu sisi ni ya moyo, na saumu ya wengine ni ya tumbo. Tuliyasema kwa upole, kama mtu asemaye jambo linalojulikana na wote, wala hatukusikia vibaya. Tena Jumapili ile ile tulisoma mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, tukaufafanua vizuri, tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu kwa kuwa sisi si kama Farisayo yule.

Siku chache baadaye mtoto wetu alishikwa na homa kali usiku. Jirani yetu, mzee wa Kiislamu, aliyekuwa ameshinda na saumu tangu alfajiri, alisikia kilio akaja. Akamwamsha mwanawe atoe pikipiki, mtoto akapelekwa hospitali. Jioni ya pili yake, wakati wa kufuturu, mzee akaja tena, amechukua bakuli la uji na muhogo wa nazi kwa ajili ya mama wa mtoto. Tulimshukuru, tukamwambia ya kwamba tutawasimulia watu wote wema wake. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mwalimu, mimi sikumwambia mtu. Nawe usimwambie."

Alipokwisha kuondoka ndipo tulipokumbuka ya kwamba mjukuu wake husoma katika darasa letu, na kwamba siku ile alikuwako. Basi yawezekana sana mzee yule alikuwa ameyasikia maneno yetu juu ya saumu ya tumbo. Hatukuthubutu kumwuliza. Alikuja nayo masikioni, na bakuli mkononi. Usiku ule hatukuweza kula chakula kile upesi. Asubuhi tulikwenda kwake kumwomba radhi, na siku ya masomo tukawaambia watoto ya kwamba mwalimu wao alisema neno baya. Twakiri ya kwamba jambo hili la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Na twakiri tena ya kwamba, tulipokuwa tukirudi, tulijikuta tunafurahia jinsi tulivyojinyenyekeza. Ndivyo kilivyo kiburi: ukimtoa mlangoni, hurudi kwa dirishani. Hata katika kuandika maneno haya twamwogopa.

Basi tufanye nini? Sisi hatuna dawa ya kumaliza ugonjwa huu kwa siku moja, ila twaona mambo matatu ya kujipimia. Kwanza, mtu atukemeaye akiwa mdogo kuliko sisi, au si wa dini yetu, je, twauliza kama neno lake ni kweli, au twauliza yeye ni nani? Pili, tusikiapo ya kwamba mwenzetu ameanguka, je, ulimi wetu hukimbia kuwapa wengine habari, hata tukiita habari hiyo haja ya kuombewa? Tatu, je, liko jema moja tulilolitenda mwaka huu ambalo halijulikani na mtu ye yote, hata mke au mume, wala hatuna nia ya kulifunua? Ambaye hana jema la namna hiyo, na atafute moja wiki hii.

Kila mtu wa Pemba ajua ya kwamba karafuu huchumwa ingali tumba. Ikiachwa mtini mpaka ikachanua, huonekana nzuri, na nyuki huizunguka, lakini mnunuzi haitaki, kwa sababu thamani yake imekwisha kupungua. Iliyofungika ndiyo ianikwayo juani juu ya jamvi, ikanyauka, ikapungua uzito na kuwa nyeusi. Na hiyo ndiyo isafirishwayo ng'ambo, nayo hukaa na harufu yake. Hata makonyo, yaliyoibeba ile karafuu na ambayo mgeni angeyatupa, hupelekwa Wawi yakatolewa mafuta. Mwenye shamba hatupi kitu.

Nasi tusali, si kwamba tuonekane wanyenyekevu, bali kwamba tuache kujitazama. Na tukisimama kusali, tuyaelekeze macho yote mawili upande mmoja. Jirani aliye nyuma yetu, Mungu amwona. Haikutupasa sisi kumpima.